Kabla Hamjakaa Barazani: Mwongozo kwa Mwenye Mgogoro wa Mpaka wa Shamba

Umefika shambani asubuhi, mvua za kwanza zimeshanyesha, na unakuta mistari mitatu ya mahindi ya jirani imevuka mnyaa. Ni mnyaa uleule ambao marehemu baba yako alikuonyesha ungali mtoto. Umesimama na jembe mkononi. Utakachofanya katika dakika kumi zinazofuata kitaamua mambo mengi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Usiguse kitu. Usifyeke hayo mahindi, usihamishe mnyaa, usiite vijana wa ukoo waje "kusafisha". Ukiharibu mazao ya mtu, hata yakiwa yameota kwenye udongo unaoamini ni wako, daawa ya ardhi inageuka kuwa jinai. Wewe uliyedhulumiwa unaitwa kituo cha polisi, na jirani aliyevuka mpaka anakuwa mlalamikaji. Mwite mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe aje aone siku hiyohiyo. Piga picha kwa simu, ukihakikisha mnyaa na mahindi vinaonekana pamoja. Kisha chukua daftari uandike tarehe, uliyemkuta na ulichokiona. Daftari hilo utalihitaji mpaka mwisho wa safari.

Mwongozo huu ni wa mkulima wa kijijini Tanzania, na una sababu ya kuandikwa sasa. Zamani Baraza la Kata liliweza kusikiliza mgogoro wa ardhi na kutoa uamuzi: huyu ameshinda, huyu ameshindwa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo. Leo kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Baraza la Ardhi la Kijiji nalo tangu mwanzo lilikuwa la usuluhishi. Kwa hiyo vyombo viwili vilivyo karibu zaidi na shamba lako havina rungu. Vina maneno tu. Watu wengi bado wanakwenda huko kama waendao mahakamani, wamejiandaa kushinda, kisha wanarudi wakisema baraza halina maana. Baraza lina maana kubwa, ila lazima uliendee kwa maandalizi ya aina nyingine.

Unachodai na unachohitaji

Kaa chini siku moja kabla ya kwenda popote, ujiulize swali ambalo hakuna mwanabaraza atakayekuuliza mapema: ukipewa kile unachodai, utakuwa umepata unachohitaji?

Chukua mfano wa ndugu wawili wanaogombania kipande cha hatua nne kando ya migomba. Kila mmoja anadai hatua zote nne. Ukiwasikiliza kwa utulivu, unagundua mkubwa anataka njia ya kupitishia ng'ombe kwenda kunywa maji, na mdogo anataka itambuliwe kwamba yeye ndiye aliyemuuguza mama miaka sita wakati wenzake wako mjini. Njia ya ng'ombe inahitaji hatua mbili, na kutambuliwa hakuhitaji hata hatua moja ya udongo. Lakini kama haja hizo hazitatajwa, baraza litabaki linagawa hatua nne kwa mbili na kila mtu ataondoka amenuna.

Sisemi kila mgogoro una siri ya namna hii chini yake. Mwingine ni tamaa tupu. Hata hivyo, jiandikie kwenye lile daftari mambo matatu: kile usichoweza kuishi bila nacho, kile ungependa kukipata, na kile uko tayari kukiachia. Mstari wa tatu ndio mgumu kuuandika. Usipouandika ukiwa na akili iliyotulia nyumbani, barazani utang'ang'ania vyote kwa sababu watu wanakutazama.

Nani hasa ana mamlaka ya kukubali?

Hapa ndipo suluhu nyingi zinapokufa, na wala si kwa sababu ya ubishi. Zinakufa kwa sababu waliokaa na kukubaliana hawakuwa na mamlaka ya kukubaliana.

Shamba linaitwa la marehemu mzee fulani. Mzee alifariki miaka mingi iliyopita, mirathi haikufunguliwa, na mtoto wa tatu ndiye anayelima kwa kuwa ndiye aliyebaki kijijini. Anakwenda barazani, anakubali mpaka, anatia sahihi. Baada ya miaka miwili dada yake anarudi kutoka Dar es Salaam na kusema: mimi sikuulizwa. Na yuko sahihi. Mali ya marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa mashamba mengi ya kijijini Mahakama ya Mwanzo inatosha kuanzia. Kama ardhi yenu iko katika hali hiyo, itisheni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mteue mtu, aende mahakamani apate barua za usimamizi. Ndipo mkae na jirani. Itachukua muda, lakini suluhu iliyofanywa na asiye msimamizi inakupa amani ya msimu mmoja tu.

Vilevile mwenzi wako wa ndoa. Ikiwa shamba mnalilima pamoja, asipande barazani mmoja huku mwingine akisikia habari kisimani. Na upande wa pili uliza hayohayo kwa adabu: "Mzee wangu, hapa tunazungumza na wewe peke yako, au kuna wenzako wa kushirikishwa?" Swali hilo si dharau. Linawalinda wote wawili.

Ushahidi, na watu wawili wanaosema kweli

Kusanya karatasi ulizonazo: hati ya hakimiliki ya kimila kama kijiji chenu kilishatoa, karatasi ya mauziano yenye mashahidi, muhtasari wa kikao cha ukoo kilichogawa mashamba, stakabadhi yoyote inayotaja eneo. Kisha orodhesha watu. Wa kwanza ni majirani wa pande zote nne, kwa kuwa wao wanaujua mpaka wako kupitia mipaka yao. Wa pili ni wazee waliokuwepo shamba lilipogawiwa. Kama mzee mmoja ni dhaifu, usisubiri kikao. Mwendee akiwa na nguvu, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, aeleze anachokijua, kiandikwe, naye aweke dole gumba.

Halafu tazama ardhi yenyewe, maana inasema. Minyaa, mkonge, makaburi, mti wa mwembe uliopandwa na mtu anayejulikana, tuta la zamani, jiwe lililozikwa nusu. Uchagani mpaka huonekana kwa masale, yale majani marefu ya kijani yaliyopangwa mstari kati ya kihamba na kihamba, yaani kati ya mashamba ya familia.

Lakini jiandae kwa jambo moja linalowaumiza watu. Katika vijiji vingi jirani yako hasemi uongo. Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, mamilioni ya watu walihamishwa, na mashamba yakagawiwa upya kwa neno la kiongozi aliyesimama juu ya kichuguu akinyoosha mkono. Familia moja inakumbuka shamba lilivyokuwa kabla ya kuhama, nyingine inakumbuka ilivyogawiwa baada ya kufika. Zote mbili zina wazee waaminifu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilijaribu kulifunga jambo hili kwa kuthibitisha ugawaji uliofanyika kati ya mwanzo wa 1970 na mwisho wa 1977. Basi kama dai lako linasimama juu ya kumbukumbu ya kabla ya hapo, lipime vizuri kabla ya kulitupa mezani, kwa sababu ukifika mbele unaweza kushindwa kisheria hata kama babu yako alizikwa pale. Na kama ni wewe unayelindwa na kifungu hicho, usikitumie kama fimbo. Mwenye kaburi la babu katika shamba la mwenzake anaweza kupewa njia ya kulifikia na kulisafisha bila mpaka kusogea hata inchi moja.

Ukihitaji msaada, watafute wasaidizi wa kisheria wa eneo lenu. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure.

Mlango upi kwanza

Anza na jirani mwenyewe. Mpelekee salamu, tuma mtu mnayemheshimu wote, au nenda jioni kwake wakati hana wageni. Ikishindikana, wazee wa koo mbili au viongozi wa dini wanaweza kukaa nanyi. Ikishindikana tena, nenda Baraza la Ardhi la Kijiji, kisha Baraza la Kata. Juu yao kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, halafu Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Wanapendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Baraza la Kata lina wajumbe kati ya wanne na wanane, nalo pia liwe na wanawake watatu. Hesabu. Ukikuta wanaume watupu kwenye benchi, uliza wengine wako wapi kabla kikao hakijaanza. Swali hilo lina faida yake: mara nyingi wanawake ndio waliolima mpaka huo kwa mikono yao, na mjumbe mwanamke anajua amuulize nani.

Angalia pia undugu. Katika kijiji karibu kila mtu ni shemeji wa mtu, kwa hiyo usitafute msuluhishi asiyemjua yeyote. Tafuta asiye na faida katika jambo lenyewe. Kama mjumbe ndiye aliyemkodishia jirani yako kipande hicho, sema kwa utaratibu: "Mwenyekiti, kwa heshima zote, naomba ndugu yetu huyu asikae katika shauri hili, ili hata tukimaliza asije akalaumiwa." Na mkiombwa gharama za kwenda kuona eneo, ulizeni kiasi, mchangie pande zote mbili sawa, mpate stakabadhi. Msuluhishi aliyepandishwa pikipiki na upande mmoja ataonekana wa upande huo hata akiwa mwadilifu kama malaika.

Siku ya kikao

Hebu sikiliza namna mbili za kusema jambo lilelile. Ya kwanza: "Wewe ni mwizi wa ardhi, na ukoo wenu wote ndivyo mlivyo." Ya pili: "Mzee wangu, shikamoo. Mwaka huu nimekuta mahindi yamevuka mnyaa upande wa mtoni, mistari mitatu. Sikujua kama ni wewe uliyeelekeza au dereva wa trekta alikosea. Naomba unieleze." Namna ya pili haijapunguza hata chembe ya madai yako. Imemwachia mzee mlango wa kutokea. Ukimwita mtu mwizi mbele ya wajukuu wake, atapigania mistari mitatu kama anayepigania jina lake, kwa sababu umeshaigeuza kuwa jina lake.

Mwache mwenzako amalize. Hata akisema jambo lisilo kweli, liandike kwenye daftari na usiruke juu. Zamu yako ikifika, anza kwa kurudia alichosema kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakubali: "Kama nimekuelewa, unasema ulilima pale kwa sababu kaka yangu alikuruhusu mwaka juzi." Ukimwona anatikisa kichwa kukubali, nusu ya joto la kikao imeshuka.

Ombeni mwanzoni kabisa kwamba yatakayosemwa katika kutafuta suluhu yasije yakatumiwa kama ungamo endapo mtashindwana. Mkubaliane hilo mbele ya wajumbe, liandikwe. Bila hilo kila mtu atazungumza kama yuko kizimbani, na hakuna atakayethubutu kusema "labda nilikosea."

Muombe pia msuluhishi azungumze na kila upande pembeni, chini ya mti mwingine. Kuna mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya baba mkwe wake. Mke aliyeuona mpaka ukisogezwa anaweza kuwa amekaa kimya mbele ya umati, lakini akiulizwa pembeni na mjumbe mwanamke atasema.

Mkifika kwenye kupendekeza, msibanwe na mstari mmoja wa kugawana. Aliyepanda anaweza kuachwa avune msimu huu, mpaka urudi baada ya mavuno. Njia ya maji inaweza kubaki huku ardhi ikirejea. Mti uliopandwa upande usio wake unaweza kuendelea kuvunwa na aliyeupanda kwa muda mtakaouandika. Na radhi iombwe kama kuna wa kuombwa. Wachaga wana jambo ninalolipenda sana hapa: jani la sale, lile linalosimama mpakani, ndilo pia hupelekwa kwa mtu kuomba msamaha, na aliyepelekewa huona uzito mkubwa kulikataa. Mmea mmoja unatenganisha mashamba na kupatanisha wenye mashamba. Kama kwenu kuna desturi inayofanana na hiyo, itumieni. Karatasi ya baraza haiwezi kufanya kazi hiyo.

Yasiyosuluhishwa

Yapo mambo yasiyofaa kuletwa katika kikao cha namna hii, na ninasema hili kwa moyo mzito kwa sababu bado yanaletwa. Mtoto aliyebakwa hasuluhishwi kwa mbuzi wawili na ahadi ya kumsomesha. Hiyo ni jinai, na wazee wanaoizima wanamwacha mtoto peke yake. Mtu aliyepigwa au kutishiwa kwa panga asikalishwe mezani na aliyemtisha ili "wayamalize". Na mjane anayeambiwa aondoke kwa kuwa "ardhi ni ya ukoo" hana cha kugawana na wanaomfukuza: Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kuishi juu ya ardhi. Mwaka 1990, kabla hata ya sheria hiyo, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisikiliza shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Aliamua kwamba mila iliyomzuia mwanamke kuuza, huku ikimruhusu mwanamume, inapingana na Katiba. Mjane akae mezani kuzungumzia mpaka, kama kuna mgogoro wa mpaka. Kuwepo kwake shambani kusiwekwe mezani.

Pia kuna migogoro iliyo mipana kuliko watu wawili. Wakulima na wafugaji wakigombania malisho na mabonde, kumsuluhisha mkulima mmoja na mfugaji mmoja ni kutibu kidole wakati mguu umevunjika. Hapo kinachotakiwa ni mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, na mara nyingi wa vijiji jirani kwa pamoja.

Andikeni, kisha pimeni kwa miguu

Mmekubaliana. Watu wanapeana mikono, mama mmoja anapiga kigelegele, na kila mtu anataka kwenda nyumbani. Msiondoke. Suluhu isiyoandikwa itakumbukwa kwa namna mbili ifikapo Pasaka ijayo.

Karatasi iseme majina kamili ya wahusika na kwa nafasi gani wanasaini: mmiliki, mke, mume, msimamizi wa mirathi. Iseme kitongoji na majirani wa pande nne. Iuelezee mpaka kwa alama ambazo mgeni anaweza kuzitambua, na umbali kati ya alama moja na nyingine. "Kuanzia mwembe hadi kichuguu" haitoshi, kwa sababu kichuguu kinabomoka. Andikeni: kutoka mwembe ulio kando ya barabara, mita 42 kwenda jiwe lililochimbiwa karibu na kisima, na kadhalika. Iseme nani anavuna kilichopo, lini mpaka unaanza kuheshimiwa, na mtafanya nini mmoja akiukiuka: kwa mfano, kurudi kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kwenda kwingine. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kama kuna mzee asiyekipata vizuri Kiswahili. Wahusika, mashahidi na wajumbe watie sahihi au dole gumba, na tarehe iwekwe. Nakala ziende kwa kila upande, nyingine ibaki barazani, na nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Ikiwa shauri lilikuwa limeshafika mahakamani, makubaliano hayo yapelekwe huko yasajiliwe, yawe na nguvu ya hukumu.

Kisha, siku hiyohiyo kama jua linaruhusu, nendeni wote shambani mtembee mstari mzima. Chukueni futi kamba, au kamba iliyopimwa. Watoto wakubwa wa pande zote waje, maana wao ndio watakaouliza baadaye. Pandeni alama hai mkiwa pamoja, jirani akishika mche na wewe ukifukia, na piga picha kila kona.

Mkishindwana

Inatokea. Baraza la Wilaya haliwezi kusikiliza shauri la umiliki wa ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Omba cheti hicho. Lakini kama siku 30 zimepita tangu ufungue shauri kwenye kata na hakuna suluhu, sheria inakuruhusu kwenda wilayani bila cheti. Ndiyo maana tarehe uliyofungua lazima iwe kwenye daftari lako, na barua yako iwe na mhuri wa kupokelewa. Usikubali kuzungushwa mwaka mzima kwa "njoo wiki ijayo". Kumbuka pia kwamba madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mtu aliyenyamaza muda huo wote akimheshimu jirani anaweza kukuta heshima yake imemgharimu shamba.

Hata mkiwa wilayani, mlango wa kupatana haujafungwa. Wapo waliosuluhishana kwenye korido, wakisubiri kuitwa, baada ya kugundua nauli wanazotumia kila mwezi zimeshapita thamani ya kipande wanachogombania. Mkifika hapo, mwambieni mwenyekiti wa baraza, muda mtapewa.

Na kama mlishamaliza vizuri kule kijijini, bado kazi moja. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, kabla ya trekta kuingia, mpitie jirani yako mtembee ule mstari tena. Miche mingine itakuwa imekauka au imeliwa na mbuzi. Beba michache ya ziada.